Hatukeketi, lakini tunakata fungu la binti



Ndugu zetu wa Buyenzi, Bwiza na kote Bujumbura, tukisikia habari za ukeketaji wa wasichana Kenya na Tanzania, tunasema: "Alhamdulillah, kwetu hakuna." Kweli, si mila ya Burundi. Wala si dini: mwaka 2006 wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, walitamka kuwa hauna msingi katika Sheria ya Kiislamu. Lakini sisi nasi tuna wembe wetu, nao hukata haki ya binti siku baba anapofariki.

Matanga hayajaisha, kaka ameshashika funguo na anakusanya kodi za vyumba. Dada akiuliza anaambiwa: "Wewe una mume, akutunze." Na akiachika je?

Mila ya nchi humpa ardhi mtoto wa kiume. Binti akipata sana ni igiseke, kijishamba cha kulimia tu. Katiba inasema sote tuko sawa, ila Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi, nasi tunajificha humo. Muislamu atasemaje hana sheria, na Surat An-Nisaa, aya ya 7 na ya 11, imetaja fungu la binti?

Saad bin Rabii alipouawa Uhud, ndugu yake alichukua mali yote. Mjane akaenda kushitaki kwa Mtume (S.A.W.). Hukumu ikatoka: mabinti wawili wapewe theluthi mbili, mjane thumuni, ndugu achukue kinachobaki.

Tuchukue mfano. Baba ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, wazazi wake hawapo tena. Madeni na wasia vikishatolewa, mali ni mafungu 32: mjane 4, mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Ugumu uko wapi?

Wengine watajibu: "Dada amesamehe mwenyewe." Amesamehe nini ambacho hajawahi kukishika? Mpeni fungu lake mkononi mbele ya mashahidi. Akipenda kurudisha, arudishe.

Mashekhe wetu, khutba ya mirathi tutaisikia lini? Wazazi, andikeni mali zenu na warithi wenu mkiwa hai. Na nyinyi vijana wa kiume, swala tano hazifuti deni la dada.

Wabillahi tawfiq.