Spa za Melini: Mshauri Anayelipwa kwa Kuuza

Katika miaka ya karibuni, baadhi ya kampuni za meli za kitalii zinazong'oa nanga Florida kwenda visiwa vya Karibi zimepandisha bakshishi ya lazima katika bili za spa kutoka asilimia 18 hadi 20. Anayekandwa kwa dola 200 hukuta nyingine 40 zimeshaongezwa kabla hajavaa viatu vyake. Abiria wamelalamika sana juu ya nyongeza hiyo, na malalamiko yenyewe yamelenga pasipostahili. Bakshishi walau imeandikwa, kila mtu anaiona. Jambo la aibu hutokea kabla ya bili, ndani ya chumba chenye taa hafifu, pale mtu aliyelipia utulivu anapogeuzwa mteja wa mafuta, krimu na vidonge.

Abiria wengi hudhani spa ni mali ya meli. Kwa kawaida siyo. Sehemu kubwa ya biashara hii ilijengwa na Steiner, kampuni iliyoanza kama saluni ya nywele London, na leo inaendeshwa na mrithi wake, OneSpaWorld, iliyosajiliwa Bahamas na kuingia soko la hisa la NASDAQ mwaka 2019. Kampuni hiyo ina vituo katika meli zipatazo 200, zikiwamo za Carnival, Royal Caribbean na Norwegian, na mapato yake ya mwaka 2024 yalikaribia dola milioni 900. Mwenye meli hupata fungu lake katika mapato hayo. Ndiyo maana abiria anayekwenda kwa ofisa wa meli kulalamika kwamba ameuziwa kwa kushurutishwa anampelekea kesi mtu aliyekwisha kugawiwa nyama.

Mtego wenyewe hutegwa tangu siku ya kupanda. Kuna matembezi ya kuonyeshwa spa, na mwishoni bahati nasibu ambayo huwaweka watu pale hadi washindi watajwe. Safari ikiendelea huja mihadhara ya bure juu ya maumivu ya mgongo, namna ya kukanyaga, au tumbo lisilopungua, na kila muhadhara huishia kwenye kitu kinachouzwa. Wapo wanaopakwa mwani na kupitishiwa umeme mdogo kiunoni, wakapimwa kwa utepe kabla na baada, kisha wakaambiwa wamepungua sentimita kadhaa. Siku hizi zimeongezwa sindano za kunyoosha makunyanzi. Wimbo unaorudiwa kila mahali ni ule wa "sumu mwilini", ingawa hiyo sumu haitajwi jina. Mwili una ini na figo kwa kazi hiyo, na mtu mwenye afya hahitaji chupa ya dola 80 ya kuvisaidia. Kiuno kilichobanwa na kupoteza maji kidogo hurudi kilivyokuwa baada ya chakula cha jioni, na jioni melini huliwa sana.

Watetezi wa biashara hii husema abiria ni mtu mzima na neno "hapana" analijua. Husema pia kwamba tiketi ni nafuu kwa sababu vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini na spa hufidia pengo, na kwamba wako abiria wanaozifurahia bidhaa hizo na kuzinunua tena wakifika kwao. Yote hayo yana ukweli wake. Hayajibu swali.

Swali ni nani anayetoa ushauri, na analipwa na nini. Mkandaji ndiye anayemweleza mteja kwamba mabega yake yamekakamaa, ngozi yake imekauka, miguu yake imejaa maji. Mkandaji huyo huyo, dakika tano baadaye, anashika karatasi yenye bidhaa nne zilizowekewa alama, na kamisheni ya kuziuza ni sehemu ya kipato chake. Daktari aliyepewa fungu kwa kila kidonge anachoandika angetazamwa kwa shaka hata na wagonjwa wake waaminifu, na nchi nyingi zina kanuni za kuzuia hali hiyo. Melini, hali hiyo ndiyo utaratibu wa kazi. OneSpaWorld yenyewe huwapa wenye hisa kipimo kinachoitwa wastani wa mapato kwa kila mfanyakazi wa melini kwa siku, na katika taarifa zake za karibuni kipimo hicho kimepita dola 500. Kwa mwekezaji, hiyo ni takwimu nzuri. Kwa binti wa Afrika Kusini au Ufilipino aliye kwenye mkataba wa miezi kadhaa mbali na kwao, ni mlima wa kupanda kila asubuhi. Akikaa kimya amwache mteja alale, anaumia yeye.

Kwa hiyo ni upuuzi kumlaumu mkandaji kwa ukosefu wa adabu. Anafanya kile mshahara wake unachomwagiza. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unamhesabu kuwa baharia kama wengine, lakini hausemi kitu kuhusu malengo ya mauzo.

Na wakati wa kuuzia umechaguliwa kwa ustadi unaochukiza. Mteja amelala, amevuliwa nguo, amefunikwa shuka, misuli imelegea, na ametendewa wema kwa saa nzima na mtu ambaye sasa anamwomba jambo. Pochi hana, kadi ya chumba ndiyo inayolipa, na fedha hazionekani zikitoka. Meli za kitalii zikitia nanga Zanzibar, abiria huonywa juu ya papasi wa Forodhani, wale wanaowafuata watalii barabarani wakiwauzia huduma. Papasi husumbua, ni kweli. Lakini mteja wake amevaa nguo, amesimama kwa miguu yake, na anaweza kuvuka barabara akaenda zake.

Dawa ipo, wala haihitaji tume. Mkandaji alipwe mshahara kamili kwa kukanda, bidhaa zipangwe kwenye rafu za mapokezi na ziuzwe na mtu mwingine, na chumbani zisitajwe mteja asipouliza. Bei ya kukandwa itapanda, bila shaka. Ipande, ili bei iliyo mlangoni iwe ndiyo bei.

Abiria wa leo hana ulinzi huo. Anachoweza kufanya ni kuandika "sitaki kuuziwa bidhaa" juu ya fomu ya afya kabla ya kuvua nguo, kuchagua siku za bandarini ambapo spa ni tupu na bei hushushwa, na kupinga lolote lililoingizwa kwenye bili yake kabla ya usiku wa mwisho, kwa kuwa asubuhi ya kushuka hesabu huwa imefungwa na foleni ya mapokezi imefika kwenye ngazi.