Elektroni Si Sayari

Wako wanaosema, hata miongoni mwa waliosoma fizikia, kwamba nadharia ya kwanta ni hesabu za kukisia, zimepangwa zilingane na kilichokwisha kuonekana. Wangemsema hivyo Johann Balmer, ningewaelewa. Mwaka 1885 mwalimu huyu wa shule mjini Basel, Uswisi, alipata kanuni iliyotoa mistari minne ya mwanga wa haidrojeni: mwekundu wa nanometa 656, wa bluu-kijani wa 486, na miwili ya urujuani ya 434 na 410. Kanuni ilikubali, na hakuna aliyejua kwa nini.

Niels Bohr alifanya jambo jingine kabisa mwaka 1913. Alisema elektroni iliyomo ndani ya atomu hukaa kwenye ngazi maalumu tu za nishati, na ikishuka ngazi hutoa mwanga wenye nishati sawa na tofauti ya ngazi hizo mbili. Kutokana na hapo, namba iliyomo katika kanuni ya mistari hiyo, ambayo awali ilipatikana kwa vipimo vya maabara peke yake ikaweza kukokotolewa kwa kutumia masi na chaji ya elektroni pamoja na namba ya Planck. Kisha ukaja mtihani mkali. Ilikuwapo mistari iliyoonekana kwenye nyota, na baadaye katika maabara ya Alfred Fowler London, ambayo wataalamu waliihesabu kuwa ya haidrojeni. Bohr akasema hapana, ni ya heliamu iliyopoteza elektroni moja. Fowler akampinga kwa haki: kwa hesabu yako namba ya heliamu ingekuwa mara 4 kamili ya ile ya haidrojeni, lakini vipimo vinazidi kidogo. Bohr akajibu kwamba kiini nacho husogea, hakitulii tuli, na kiini cha heliamu husogea kidogo kuliko cha haidrojeni kwa sababu ni kizito. Alipoliingiza hilo akapata 4.00163. Vipimo vya Fowler vilitoa 4.0016. Kisio halijitii hatarini namna hiyo.

Dai la pili linaniudhi zaidi kwa sababu limechorwa katika vitabu vingi vya shule: kwamba elektroni huzunguka kiini kama sayari zinavyozunguka Jua. Chaji inayozunguka hutoa mawimbi na kupoteza nishati. Elektroni ya namna hiyo ingeanguka kwenye kiini katika muda usiofika hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na ikiwa njiani ingetoa rangi zote mfululizo, si mistari. Bohr mwenyewe aliibakiza mizunguko hiyo, na ikamshinda mara tu alipofika kwenye heliamu kamili yenye elektroni mbili. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alizipata ngazi zilezile za haidrojeni kwa mlinganyo wa mawimbi, bila mzunguko wowote. Katika ngazi ya chini kabisa ya atomu hiyo, elektroni haikizunguki kiini hata kidogo. Mchoro ule ulistahili kuondolewa zamani.

Kwamba mwanga ni wimbi, hivyo fotoni, yaani vifurushi vya nishati ya mwanga, ni za kubuni? Philipp Lenard alionyesha mwaka 1902 kuwa kuongeza ukali wa mwanga huongeza idadi ya elektroni zinazochomoka kwenye metali, lakini hakuongezi nishati ya kila moja. Einstein alilieleza hilo mwaka 1905 kwa vifurushi hivyo. Robert Millikan hakuamini maelezo hayo, akafanya vipimo kwa miaka, na mwaka 1916 akachapisha matokeo yaliyoufuata mlinganyo wa Einstein barabara.

Limebaki dai kwamba spektra, yaani mistari hiyo ya mwanga, hujieleza zenyewe: mistari ya elementi ikikolea, elementi hiyo ipo kwa wingi. Kwa usomaji huo Jua lilidhaniwa kuwa na viambato kama vya Dunia, maana mistari ya chuma na kalsiamu imejaa katika mwanga wake. Lakini mistari ya haidrojeni tunayoiona kwa macho huanzia ngazi ya pili, na kwa joto la uso wa Jua, takriban kelvini 5,800, ni atomu chache mno zilizofika hapo. Mwanaastronomia Cecilia Payne alizihesabu atomu katika ngazi hizo, akatumia na mlinganyo wa Meghnad Saha wa Uhindi kuhusu atomu zilizopoteza elektroni, na mwaka 1925 akaona kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa mno. Mwanaastronomia mwenzake Henry Norris Russell alimshawishi aandike kuwa jibu hilo karibu kwa hakika si la kweli. Mwaka 1929 Russell, kwa njia yake mwenyewe, alifikia jibu lilelile.