Rangi ya Utepe Haithibitishi Usalama wa Maabara

Katika maabara nyingi za hospitali na vyuo, mfuko wa taka au kifurushi cha vifaa kilichotoka kwenye otoklevu huhesabiwa kuwa salama mara tu mistari ya utepe uliobandikwa juu yake inapogeuka kuwa myeusi. Mhudumu huutazama utepe, huridhika, na mzigo huondoka. Kwa maoni yangu, desturi hii inawaweka watu hatarini, na taasisi zetu zina wajibu wa kudai ushahidi ulio imara kuliko rangi.

Wino wa utepe huo hubadilika unapokutana na joto la mvuke, na unaweza kubadilika kabla muda unaotakiwa haujatimia. Tena utepe hubandikwa nje. Unachotueleza ni kwamba mfuko umepita mashineni. Hauwezi kutueleza iwapo katikati ya mfuko, mahali zilipobanana sahani za kuoteshea bakteria, joto lilifika kiwango kinachotakiwa na kudumu. Hatari imo humo katikati.

Ili kuelewa tatizo, yafaa kukumbuka namna otoklevu inavyofanya kazi. Mashine hii, iliyoundwa mwaka 1879 na Mfaransa Charles Chamberland, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Louis Pasteur, hutegemea mvuke wenye shinikizo. Tanuri la hewa kavu huhitaji takriban saa mbili kwa nyuzijoto 160 ili kutakasa vifaa. Mvuke hufanya kazi hiyo kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15 hivi, kwa kuwa unapogusa kitu chenye ubaridi hugeuka maji na kukiachia joto jingi uliokuwa umelibeba. Lakini sharti mvuke ukiguse kitu chenyewe. Mfuko uliokazwa fundo, au mashine iliyoshindiliwa mizigo hadi mlangoni, huhifadhi hewa ndani yake, na penye hewa mvuke haupenyi. Ndiyo maana mifuko huachwa na mdomo uliolegea, na taka hupewa dakika 30 hadi 60, zikihesabiwa tangu joto lilipofika 121, wala si tangu swichi ilipowashwa.

Hata geji ya shinikizo yaweza kupotosha. Geji nyingi husoma shinikizo lililozidi lile la hewa ya nje. Dar es Salaam, usomaji wa pauni 15 kwa inchi ya mraba huleta nyuzijoto 121. Mbeya, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ya nje ni dogo, na usomaji uleule huleta takriban nyuzijoto 118. Anayefuata geji bila kutazama kipimajoto atakuwa ametimiza maelekezo yote bila kutakasa ipasavyo. Vivyo hivyo umeme ukikatika katikati ya mzunguko: dakika zilizokwisha kupita hazihesabiki, na kazi huanza upya. Lakini utepe, ambao tayari ni mweusi, hautamkumbusha mtu.

Nani hulipa gharama ya kosa hili? Mara nyingi si daktari wala mtaalamu wa maabara. Ni mhudumu wa usafi anayebeba mfuko wenye vimelea hai vya kifua kikuu akiamini vimekufa, na mzoa taka anayeupokea baada yake. Ni mgonjwa pia, kwani chakula cha kuoteshea bakteria kisichotakaswa vizuri huotesha vijidudu ambavyo havikutoka mwilini mwake, naye akaandikiwa dawa asiyoihitaji.

Mtumiaji wa mashine naye hudanganywa na macho. Chupa ya kimiminika inaweza kuonekana imetulia ilhali joto lake limepita kiwango cha kuchemka; mlango ukifunguliwa mapema, hufoka na kumuunguza usoni. Chupa zisijazwe kupita theluthi mbili, vifuniko vilegezwe, na mlango usiguswe kabla shinikizo halijashuka hadi sifuri na joto chini ya nyuzijoto 80. Glavu zinazohimili joto, kinga ya uso na viatu vilivyofunika miguu ni vya lazima. Vitu vilivyolowekwa katika dawa ya klorini visiingizwe kamwe, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mzigo uandikwe daftarini: tarehe, joto, shinikizo, muda na jina la mtumiaji. Pili, kiashiria cha kemikali kinachopima muda, joto na mvuke kwa pamoja kiwekwe ndani ya mzigo, si nje tu. Tatu, kila wiki kifanyike kipimo cha spora za bakteria Geobacillus stearothermophilus, ambazo huvumilia joto kuliko karibu vijidudu vyote tunavyohofia. Kichupa cha spora huwekwa katikati ya mzigo, kisha huoteshwa pamoja na kingine ambacho hakikuingia mashineni. Hiki cha pili kikiota, na cha kwanza kisiote, hapo tuna ushahidi.

Nitaambiwa kwamba vipimo hivi vina gharama na bajeti ni finyu. Ni kweli. Lakini otoklevu yenyewe ilinunuliwa kwa fedha nyingi, nayo hula umeme na maji kila siku. Kuiendesha bila kujua kama inatakasa ni kulipia matumaini. Gharama ya vichupa vichache kwa mwezi iwe sehemu ya gharama ya mashine, kama ulivyo umeme wake.

Mwisho, maelekezo ya mashine hizi aghalabu huja kwa lugha za kigeni, ilhali anayeziendesha kila asubuhi huenda ni mhudumu ambaye hakualikwa kwenye mafunzo. Maelekezo ya Kiswahili yabandikwe ukutani, afundishwe yeye kwanza, na apewe mamlaka ya kuuzuia mzigo anaoutilia shaka, hata kama utepe wake ni mweusi na mkuu wa maabara ana haraka.