Hakuchaguliwa au Hakufaulu?

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Madarasa yakajaa, lakini nafasi za Kidato cha Kwanza zilibaki chache, nazo ziligawiwa kwa mikoa na wilaya. Kwa hiyo alama zilizompeleka sekondari mtoto wa wilaya moja ziliweza kumwacha nyumbani mwenzake wa wilaya nyingine. Kijijini wote walioachwa waliitwa waliofeli. Hilo lilikuwa kosa letu walimu.

Huko Marekani zipo shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba; waombaji wakizidi nafasi, hupigwa kura. Mimi sipendi kura, ila angalau aliyekosa haitwi mjinga.

Siku hizi shule za kata ni nyingi, na tangu 2016 ada imefutwa hadi Kidato cha Nne. Ushindani umehamia kwenye shule za bweni na za vipaji maalumu. Mwanachuo utakayefundisha Musoma, Bunda au Butiama, mzazi atakujia akiuliza kwa nini mwanawe aliyefaulu hakupangiwa bweni. Mketishe, umweleze hesabu ya nafasi, mtoto naye akisikia.