Tumlipe Mkunga Angali Hai

Tarehe 16 Novemba 2022, huko Ndalat katika Bonde la Ufa, Kenya, alifariki bibi wa miaka 99 ambaye mpaka siku zake za mwisho alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Jina lake ni Priscilla Sitienei. Wanakijiji na watoto wa shule walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjini. Dunia ilimjua kwa sare yake ya shule na madaftari yake. Filamu ikatengenezwa juu yake, akapandishwa ndege hadi Ufaransa kuizindua, na alipofariki magazeti ya mbali yaliandika tanzia zake. Mungu amrehemu.

Lakini kabla ya kuwa mwanafunzi, na hata alipokuwa mwanafunzi, Gogo alikuwa mkunga. Kufikia mwaka 2015 alikuwa amewazalisha wanawake wa eneo lake kwa miaka 65. Baadhi ya watoto aliosoma nao darasa moja aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe siku walipozaliwa. Mwisho wa juma, masomo yakisimama, bado wajawazito wa vijiji vya jirani walimfuata. Huyu ndiye ninayetaka tumkumbuke, kwa sababu bibi wa darasani tulimpigia makofi na kumshangilia, ila mkunga anatudai deni ambalo hatujaanza hata kulihesabu.

Fikirini miaka 65 ni nini. Rudisheni hesabu kutoka 2015 mtafika yapata mwaka 1950, Kenya ikiwa bado koloni la Waingereza. Alipoanza ukunga nchi haikuwa na rais. Alipokufa ilikuwa na rais wa tano. Kati ya hapo serikali zilikuja na kuondoka, majimbo yakafutwa, wilaya zikagawanywa, kaunti zikaundwa, na muda wote huo mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane alikuwa na mlango mmoja wa kubisha bila kuogopa.

Na kazi yenyewe tuitaje kama ilivyo. Mkunga wa jadi haiti wateja kwa saa zake; huitwa. Huitwa mvua ikinyesha, huitwa wakati wa palizi akaacha shamba lake likaota magugu, huitwa mwanawe mwenyewe akiwa na homa. Hukaa na mzazi usiku kucha, hubembeleza, hukanda mgongo, hukata kitovu, hungoja kondo la nyuma litoke, huosha, hupika uji. Malipo yake ni kuku, sukari kidogo, leso, au asante ya mdomo. Hana mshahara, hana likizo, hana pensheni. Juu ya hayo ni shahidi wetu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani akihitaji cheti, ni lazima mtu aseme mbele ya naibu chifu kwamba kweli alizaliwa, lini na kwa mama gani. Ni wangapi kati yetu tunatembea na vyeti ambavyo mzizi wake ni neno la bibi mmoja asiyejua kusoma?

Mwaka 2003 Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret, na dunia ikashangaa. Gogo aliingia shule ya Ndalat miaka michache baadaye, naye alikuwa na karibu miaka 90. Mwanzoni alikataliwa. Hakuondoka, na shule ikabadili msimamo. Alipoulizwa kwa nini amekuja, alitoa sababu zake: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, alitaka kuwaaibisha kwa upole vijana walioacha masomo wakisema umri umewapita, tena alitaka kujua kuandika ili aurithishe ujuzi wake wa ukunga na wa dawa za miti shamba.

Hiyo sababu ya mwisho isomeni mara mbili. Mwanamke aliyelitumikia eneo lake tangu enzi za ukoloni alikuwa amezungukwa na watu waliosoma. Wengine aliwazalisha yeye. Kulikuwa na walimu, makarani, wahubiri, wanafunzi wa vyuo vikuu waliorudi nyumbani kila Desemba. Ilimbidi yeye mwenyewe, na macho yale ya uzee, akashike penseli. Sijui aibu kubwa kuliko hiyo kwa jamii iliyosoma, na siiweki juu ya Ndalat peke yake. Kila kijiji cha Afrika Mashariki kina bibi kama huyo, na kila kijiji kina vijana wenye simu za kunasa sauti wanaozitumia kunasa kila kitu isipokuwa yeye.

Matokeo yake tunayaona mazishini. Wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika tano: alizaliwa mwaka fulani, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, alipenda watu, alikuwa mcha Mungu. Kazi aliyoifanya maisha yake yote hupewa sentensi moja. Hakuna anayejua alifundishwa na nani, ni dalili gani zilizomtia hofu akamwambia mume wa mtu, hii si yangu, tafuta gari. Hakuna anayejua ni usiku gani alishindwa, akampoteza mama au mtoto, na alirudije kazini baada ya hapo. Watu waliochanga maelfu kwa maturubai, jeneza na chakula cha waombolezaji hawakuwahi kumchangia miwani alipokuwa hai. Sipingi mazishi ya heshima. Napinga heshima inayosubiri mtu asiweze tena kuipokea.

Wako watakaonijibu kwamba kuzalia nyumbani ni hatari, na kwamba anayemsifu mkunga wa jadi anawarudisha wanawake nyuma. Hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaongoza kwa kuua wazazi duniani, na damu hiyo inaweza kummaliza mama katika saa chache. Miti shamba haiwezi kurudisha damu iliyokwisha kumwagika. Muuguzi mwenye sindano, damu ya akiba na gari la wagonjwa anaweza. Mjamzito yeyote anayenisoma, nenda kliniki tangu mapema, na ujifungulie kituo cha afya. Katika hili sina maneno mawili.

Lakini tujiulize wanawake walifikaje huko vituoni. Kenya iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta takriban asilimia 61 ya watoto wakizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukakuta takriban asilimia 82. Kufutwa kwa ada kulisaidia, barabara zilisaidia. Hata hivyo tangazo la redioni halimshawishi msichana wa miaka 17 anayeficha mimba yake. Humshawishi mtu anayemjua, aliyebisha hodi, akaketi naye jikoni, akarudi tena wiki iliyofuata. Mara nyingi mtu huyo amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea au mkunga mzee aliyekubali kubadili kazi yake, kutoka kuzalisha hadi kumsindikiza mzazi zahanati. Imani ambayo mkunga aliijenga kwa nusu karne haipatikani kwa semina ya siku mbili, na serikali yenye busara huitumia badala ya kuidharau.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi wetu hugeuza macho. Kwa miaka mingi serikali zetu zilijenga huduma ya afya ya vijijini juu ya migongo ya wanawake wasiolipwa, zikaita jambo hilo moyo wa kujitolea. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, ikawapa vifaa vya kazi na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Januari 2024 Tanzania nayo ilizindua mpango wa kuwafunza na kuwatumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Hizo ni hatua njema, nazipongeza kwa moyo mweupe. Ila shilingi 5,000 kwa mwezi ni chini ya 170 kwa siku, na katika kaunti kadhaa malalamiko ya posho kuchelewa yamesikika. Mhudumu anayekopa nauli ili akamtembelee mgonjwa wa kifua kikuu anaisaidia serikali kutoka mfukoni mwake. Huo ni mzigo usio wa haki.

Wapo wanaosema malipo yataua moyo wa kujitolea, kwamba mtu akishaonja posho hatatoka tena bure. Mimi nawauliza: daktari anayelipwa hana huruma? Mwalimu anayepokea mshahara hapendi wanafunzi wake? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini mikono ya hawa wanawake tumeilamba miaka na miaka ikiwa mitupu. Moyo wa kujitolea haukauki kwa kulipwa. Hukauka mtoaji anapozeeka akajiona ametumiwa, na binti yake, aliyeyaona yote, akaapa kwamba yeye hatafanya ujinga huo. Ndiyo sababu vijiji vingi havina mrithi wa kazi hii.

Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa wadi: bajeti ya kaunti ikifika mbele yenu, tafuteni mstari wa posho za wahudumu wa afya ya jamii kabla ya mstari wa magari, na msipitishe chochote mpaka muone fedha hizo zinatoka kila mwezi. Nawaomba makasisi, maimamu na wazee wa kanisa: watajeni hawa kina mama kwa majina Ijumaa na Jumapili wakiwa wameketi mbele yenu.

Nawe kijana uliyezaliwa mikononi mwa bibi fulani, unamjua. Nenda kwake na daftari. Mwulize alifundishwa na nani, aliitwa wapi, aliogopa nini, ni majani gani aliyatumia na kwa lipi, na umwandike kama anavyosema bila kumrembesha. Kisha mpeleke kliniki akapimwe macho na shinikizo la damu, na nauli ya kwenda na kurudi uitoe wewe.