Haki ya Mwenye Kuhuisha Ardhi

Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao milioni 673 duniani walikumbwa na njaa mwaka 2024. Kila hesabu kama hii inapotolewa hutajwa mbegu mpya na mbolea ya viwandani. Ni nadra kutajwa mkulima anayeirudishia uhai ardhi ambayo wenzake wamekwisha kuihama.

Mmoja wao alikuwa Yacouba Sawadogo wa kaskazini mwa Burkina Faso, aliyefariki Desemba 2023. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukame uliifanya ardhi ya Yatenga kuwa ngumu kama sakafu, na wengi wakahama. Yeye alibaki. Alishika njia ya wazee wake ya kuchimba vishimo shambani, iitwayo zaï, akavipanua na kuviongeza kina, akatia samadi, tena wakati wa kiangazi, kabla mvua haijanyesha. Watu wakamwita mwendawazimu. Kumbe samadi huwavuta mchwa, mchwa hutoboa udongo, na maji ya mvua, badala ya kutiririka yakapotea, huzama penye mizizi ya mtama na uwele. Mchwa tunaowalaani majumbani mwetu, kule ni vibarua wasiodai ujira! Miti nayo ikaota pamoja na nafaka hata pakawa msitu. Wamatengo wa Mbinga, walimao kwa ngoro milimani, wataielewa upesi habari hii.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mji wa Ouahigouya ulipopanuka, msitu ule ulipimwa viwanja, na mzee akabaki kutafuta fedha za kuinunua ardhi aliyoifufua kwa jembe lake mwenyewe.

Wanachuoni wa fiqhi wana mlango mzima juu ya kuhuisha ardhi mfu. Wamekhitilafiana iwapo idhini ya mtawala ni sharti, kama alivyoona Imam Abu Hanifa, lakini msingi wao ni mmoja: mwenye kuihuisha ana haki nayo. Serikali zinazotaka chakula zaidi zianzie hapo. Mkulima aliyekodishiwa shamba kwa msimu mmoja hawezi kuulisha udongo samadi ili mwingine aje avune, wala hatapanda mti.

Nasi tusiwanyoshee kidole watawala peke yao. Wako miongoni mwetu wenye mashamba wanaokodisha msimu kwa msimu, na iko misikiti yenye mashamba ya wakfu ifanyayo vivyo hivyo. Waandikiane na wakulima wao mikataba ya miaka mitano au zaidi, kabla ya msimu ujao.