Kura Haiombwi kwa Kiitikio cha Kukodi

Kila uchaguzi ukikaribia wanaibuka walewale: wanamlipa rapa, wanamvika fulana, eti awaimbie vijana wakapige kura. Mimi hilo naliita tangazo la biashara lenye midundo. Kumbukeni Kenya 2002: "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji yalikuwa majigambo ya vijana wawili wasiotishika. Muungano wa NARC uliikuta inawaka mtaani, ukaidandia. Senegal 2011, marapa wa Keur Gui walishiriki kuanzisha vuguvugu la Y'en a Marre. Waliwahimiza vijana wajiandikishe huku wakimsema Rais Wade waziwazi. 2012 akaangushwa kwa kura. Sasa jamani, rapa anayezikwepa shida za mtaa wake, bahasha imetuna mfukoni, kijana atamtikisia kichwa tu. Siku ya kura atalala.